Viatu vya Mshenga

Mume wangu Boazi ni mtu mwema, ila mkono wake haufunguki. Ana jozi moja ya viatu vya ngozi, vyeusi, alivyonunua kwenye mitumba Tunduma enzi hizo. Ni vikubwa kuliko mguu wake, kwa sababu vile vya namba yake muuzaji aligoma kupunguza bei. Huko mbele kwenye vidole hujaza gazeti, halafu anatembea kwa kuburuza kama anayevuka matope. Nimeona aibu kanisani mpaka aibu yenyewe imenizoea.

Mwaka huu Samwel, mtoto wa marehemu kaka yake ambaye tumemlea wenyewe, alimpata binti wa Kamsamba anayeitwa Restuta. Boazi ndiye akawa mshenga. Tabu ni kwamba baba wa binti, mzee Wiliam, mwenye ng'ombe na mashamba ya mpunga, alishatuma neno mapema: amesikia watu wa Mbozi ni wabahili, na binti yake haendi kuolewa kwa wabahili. Samwel alikonda kwa wasiwasi. Alimwomba baba yake mdogo jambo moja tu, asionyeshe ubahili siku ya kupeleka posa.

Nikamwambia Boazi viatu vimepauka, anunue kopo la dawa ya viatu. Ngozi yenyewe haitaki makubwa: unafuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, unaanika kivulini, unapaka dawa kidogo, unasugua kwa soksi kuukuu. Akacheka. Akasema dawa ya viatu ni mafuta na rangi, na vyote viko jikoni kwangu. Basi akaenda kuomba mafuta ya ng'ombe buchani, akayayeyusha pamoja na kipande cha mshumaa, akachanganya na masizi ya sufuria yangu, akapaka kwa unene kama anakandika nyumba. Asubuhi, kwa baridi yetu ya Mbozi, mafuta yalikuwa yameganda na viatu vinang'aa.

Lakini Kamsamba hakuna baridi. Tulikaribishwa viti uwani, chini ya kibanda cha nyasi, joto limetukaba shingo. Nikaanza kusikia harufu ya mchuzi, nikadhani wanatupikia. Kutazama chini, viatu vya mume wangu vinatoka jasho jeusi.

Boazi ndiyo kwanza alikuwa anaanza kueleza kilichotuleta. Mbwa mmoja mweupe akaja, akanusa, akaanza kulamba. Kwetu mshenga akikatisha maneno ya posa ni mkosi, kwa hiyo Boazi aliendelea kuusifu ukoo wetu huku anarudisha miguu chini ya kiti. Mbwa akamfuata huko huko. Boazi akainua mguu, na hapo ndipo alipokosea. Kile kiatu kipana kilichomoka chenyewe, gazeti likadondoka mbele ya wakwe, na mbwa akatimka nacho hadi zizini, mdomo mweusi tii.

Watoto walicheka, mzee Wiliam hakucheka. Aliinama, akapitisha kidole kwenye kiatu kilichobaki, akanusa.

"Mafuta ya ng'ombe na masizi," alisema. "Mshenga, hata dawa ya viatu imewashinda?"

Nikamfikiria Samwel, yuko nyumbani anasubiri simu. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kumsema huyu mwanamume tukiharibikiwa, tena mbele za watu. Nikasimama kwa nia hiyo hiyo, ila yaliyotoka mdomoni yalikuwa mengine.

"Baba Restuta, ni kweli, mume wangu ni bahili," nilisema. "Viatu hivi anavyo tangu Samwel yuko shule ya msingi. Na yule mtoto hajaenda shule miguu mitupu hata siku moja, wala hajalala njaa. Ubahili wa huyu baba unaishia miguuni kwake mwenyewe."

Sikujua kwamba nayaamini hayo mpaka niliposikia nimeyasema. Nilimpenda Boazi pale pale, pamoja na soksi yake iliyotoboka kidoleni.

Mzee Wiliam aliitazama ile soksi. Halafu akaagiza tuletewe chakula.

"Kiatu chenu kimeshaingia zizini kwangu," alimwambia Boazi. "Basi hicho ndicho kishika uchumba. Mengine tutaongea mkirudi, na ukirudi vaa ndala."

Kwenye gari la kurudi, Boazi alikaa mguu mmoja na kiatu, mwingine na soksi. Nilimshika mkono, na machozi yalikuwa karibu kunitoka. Akaniinamia sikioni, akauliza kwa sauti ya chini kama yale mafuta yaliyobaki nimeyafunika vizuri, maana sasa kiatu ni kimoja, yatatufikisha mbali.