Neno la Barabara ya Liboi

Shamis alikuwa ameandika nusu ya ujumbe simu ilipoita. Nusu hiyo ilisema: "Lagha ya kabla ya Kulan imejaa, mtu yeyote asi..." Hapo akapokea.

Alikuwa katibu wa ushirika wa wasafirishaji wa mifugo, ofisi ikiwa Waberi, mjini Garissa. Lagha ni bonde kavu ambalo mvua hulijaza kwa ghafla, na moja ilishawahi kuchukua lori lao pamoja na mbuzi wote kwa sababu dereva aliamini uvumi. Tangu siku hiyo Shamis aliweka sheria: wakati wa mvua, lori haliondoki Liboi kuja Garissa mpaka yeye aandike kwenye kundi la WhatsApp kwamba njia inapitika. Neno kutoka namba nyingine yoyote halihesabiki.

Asubuhi hiyo madereva wawili, Alio na Awil, walikuwa Liboi na malori yaliyojaa mbuzi, wakisubiri neno lake. Mlingoti wa simu wa huko ulikuwa umezimika. Walipatikana kwa intaneti ya hoteli moja tu.

"Assalamu alaykum, abaayo," ilisema sauti ya mwanamume, ikimwita dada kwa Kisomali. "Mimi ni Abshir, wa Kutulo. Hunijui, lakini mama yako anawajua watu wangu."

Akamtaja baba yake, babu yake, baba wa babu, akaendelea bila kusita mpaka kwa mzee ambaye ukoo wake na wa mama yake Shamis ulikutana. Kwao hicho ndicho kitambulisho. Mtu hukitoa kwa mdomo, anayesikiliza hukikagua kwa kumbukumbu. Shamis alikikagua. Hakukuwa na jina lililokosewa.

"Nimenunua simu mpya, nikaingiza namba yako kimakosa," alisema Abshir. "Umetumiwa tarakimu sita. Nisomee tu, abaayo, nisikusumbue."

Akamsomea.

Aliporudi kwenye ujumbe wake, WhatsApp ilimwarifu kwamba namba yake imesajiliwa kwenye simu nyingine.

"Abdirahim!"

Abdirahim, karani wa ofisi, alisikiliza maelezo yake akiwa amesimama mlangoni.

"Umechezwa. Hizo tarakimu ndizo ufunguo."

"Alitaja ukoo mzima."

"Ukoo mzima uko Facebook. Babu yenu alipofariki mliuandika wenyewe, jina kwa jina. Uliweka uthibitisho wa hatua mbili? Ile namba ya siri ya pili?"

"Nilikuwa naahirisha."

"Ungeiweka, zile sita peke yake zisingemtosha."

Abdirahim alifungua kundi kwenye simu yake. Alio alikuwa ameuliza: "Dada, barabara iko sawa? Mbuzi wanachoka." Chini yake, kwa jina la Shamis: "Sawa nendeni. Naombeni pia mnisaidie pesa kidogo, nitarudisha jioni."

Mwizi hakujua lagha ni nini. Alitaka tu swali liishe ili aombe pesa. Alio alikuwa amejibu kwa dole gumba.

Abdirahim akaandika: "Msiondoke! Aliyeandika si Shamis." Ujumbe ukafutwa mbele ya macho yao. Kisha ikaja taarifa kwamba ameondolewa kwenye kundi.

"Laini bado ni yako," alisema. "Omba tarakimu mpya. Ukiziingiza, anatupwa nje."

Programu ilimtaka asubiri kabla ya kutumiwa nyingine. Wakati huo Shamis alichukua simu ya Abdirahim na kumpigia Awil kwa WhatsApp. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Awil hakupokea namba nyingine kuhusu barabara; alikuwa akitii sheria.

Tarakimu zikaja. Shamis akaziingiza, na programu ikadai namba ya siri ambayo hakuwahi kuiweka.

"Ameiweka yeye," Abdirahim alisema. "Bila hiyo utasubiri siku saba. Lakini hata yeye sasa hayumo."

Kwa hiyo akaunti haikuwa mikononi mwa mtu yeyote, na lile neno "nendeni" lilibaki pale pale, kwa jina lake.

Akashika simu ya Abdirahim, akamrekodia Awil ujumbe wa sauti kwa Kisomali, kwa ukali aliozoea kuutumia madereva wanapozidisha mzigo. Alama ikageuka buluu: ameusikiliza. Awil akapiga.

"Huyu ni Shamis kweli? Shamis ameandika twende."

"Shamis amewahi kukuomba pesa, Awil? Hata siku moja?"

"Wallahi nilishangaa. Nikasema labda mama wa sheria naye kumbe hushikwa na njaa."

"Lagha imejaa. Alio yuko wapi?"

Kicheko kikakatika. "Ametangulia. Mimi nilibaki kwa chai."

"Chukua pikipiki ya mwenye hoteli."

"Kwa tope hili?"

"Kwa tope hili."

Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya. Lori lililojaa huenda polepole kwenye matope. Pikipiki huenda haraka, lakini huanguka. Shamis aliyapima hayo mawili mara nyingi. Abdirahim alileta maji. Yalibaki mezani.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha simu ya Abdirahim ilipoita. Namba ilikuwa ya Awil, sauti ilikuwa ya Alio.

"Tairi za mbele zilikuwa zimeshaingia majini. Huyu akaja anapiga kelele kama mwehu, ameanguka, mguu umechubuka wote. Nimerudi nyuma, sasa tuko hotelini. Nani aliniambia niende?"

"Mwizi. Lakini mlango nilimfungulia mimi. Nilimsomea tarakimu."

Mbuzi walisikika nyuma yake.

"Mbuzi ni wa watu," Alio alisema. "Na mimi nina watoto, abaayo."

"Najua."

"Sasa neno la barabara atatoa nani?"

"Abdirahim. Hizo siku saba."

"Na baada ya hapo?"

"Mtaamua nyinyi."

"Tutaona," alisema Alio, akakata.

Shamis alimrudishia Abdirahim simu yake.

"Fungua kundi jipya. Lakini kabla hujaandika neno, weka namba ya siri." Akageuza kiti, akatazama ukutani. "Mimi nisiione."