Tisa Haistahi Mvi

Miaka kumi na mmoja Mama Hamira alikanda unga pale bekari, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Jina hilo walimpa wenzake, kwa sababu popote alipotia mguu, mazungumzo yaliumuka. Lakini mwaka huu kifua kilianza kumlia kama mlango usiotiwa mafuta, na daktari hakumung'unya maneno: unga ndio unaokumaliza, mama, toka humo. Kutoka ni rahisi kusema. Mumewe, fundi viatu, alikuwa na mikono ya dhahabu na wateja wa kuhesabu, na watoto watatu hawashibi ushauri wa daktari.

Tajiri wa bekari alimpa nafasi moja. Karani wake mzee alikuwa anastaafu baada ya miezi miwili. "Lete cheti cha utunzaji wa hesabu, ile ngazi ya kwanza tu, kiti ni chako," alisema. "Usipoleta, tutaagana kwa amani."

Basi akajikaza kisabuni. Akitoka zamu asubuhi, nyusi bado nyeupe kwa unga, alikaa uani nyumbani juu ya gunia na kufungua daftari. Kwamba kila kitu huandikwa mara mbili, kushoto na kulia, hilo halikumsumbua. "Kwani mimi nimewahi kushona kiatu cha kushoto bila cha kulia?" alisema mumewe, na somo likaisha. Kilichomtoa jasho ni urari, ile orodha ya mwisho ambamo jumla ya kushoto na jumla ya kulia sharti zilingane. Zake zilikuwa hazisalimiani.

Zoezi moja lilimtesa siku mbili. Kushoto kulipungua ishirini na saba. Akajumlisha kutoka juu, akajumlisha kutoka chini, akajumlisha jicho moja limefumbwa. Ishirini na saba, haipungui wala haizidi.

"Si uiongeze tu hiyo ishirini na saba?" alisema fundi viatu, misumari mdomoni. "Nani atajua?"

Tusimlaumu sana mwanamke wa watu, alikuwa amechoka. Alichomeka mstari upande wa kushoto, "matumizi mengineyo, 27", pande zikalingana, akampelekea karani amkagulie.

Karani alikuwa mtu wa suruali iliyopigwa pasi ikanyooka na maneno machache. Aliteremsha kidole ukurasani, kikasimama.

"Haya matumizi mengineyo umeyatoa wapi?"

"Kwenye zoezi, mzee."

"Zoezi hili nililifanya wewe hujazaliwa. Mficha uchi hazai, binti. Ilikosekana hii hii ishirini na saba?"

Uso ulimshuka. Akakubali.

"Igawe kwa tisa."

"Tatu."

"Haikubakiza kitu. Basi kuna namba umeigeuza, tarakimu ya mbele umeiweka nyuma. Na hizo tarakimu mbili zimepishana kwa tatu. Katafute."

Hakuwa ametazama namba nyingine hata moja. Mama Hamira alirudi kwenye gunia lake, akapitisha kidole, na kwenye kodi ya duka akaiona: kitabu kinasema 85, yeye kaandika 58. Nane na tano. Zimepishana kwa tatu.

Siku mbili nzima aliitukana ile ishirini na saba, kumbe muda wote ilikuwa inamwambia kosa ni la aina gani na linafanana vipi. Jioni, njiani kwenda zamu, akazijaribu namba za milango. Arobaini na moja, kumi na nne: ishirini na saba. Sabini na mbili, ishirini na saba: arobaini na tano, tisa mara tano. Kila alipogeuza, tisa ilikuwa imeshafika kabla yake. Alisimama katikati ya njia, watu wakampita kando. Alimweleza mwenye duka la jirani, naye akamuuliza kama amekula.

Kesho yake alimfuata karani. "Mzee, nani aliyeifanya iwe hivi?"

"Sijui," alisema karani. "Mimi nimeikuta."

Tangu hapo akawa anamruhusu kukaa ofisini baada ya zamu. Alhamisi, siku mbili kabla ya mtihani, mzee alimsogezea leja ya bekari yenyewe. "Acha mazoezi ya kitabuni. Nitolee urari wa mwezi huu. Bado sijautoa."

Mama Hamira alinawa mikono mara mbili ndipo akaishika. Mwandiko wa karani ulikuwa mzuri hata yeye akaona haya kuugusa. Alijumlisha taratibu, akarudia. Kushoto kulipungua elfu sitini na tatu.

Kwa tisa, elfu saba. Hakutaka kuigawa, lakini kichwa kilikuwa kimeshaigawa. Akafuata mistari akiomba asiione, akaiona: kuni, hati ya malipo inasema elfu tisini na mbili, leja inasema elfu ishirini na tisa. Tisa na mbili, zimepishana kwa saba. Ile tisa haikustahi mvi za mtu wala miaka yake arobaini kwenye kiti.

"Sema," alisema karani. "Usinifichie."

"Kuni, mzee."

Mzee alivua miwani, akaiangalia kana kwamba ndiyo yenye kosa. "Urari huu nimeujaribu mara tatu, kosa sikuliona. Macho ni mazima. Naona tisini na mbili, mkono unaandika ishirini na tisa. Mwaka wa pili sasa. Tajiri hajui. Ndiyo maana nilimwomba akupe wewe nafasi, nilikuwa nakusikia mlangoni ukihesabu mikate bila karatasi."

Mama Hamira akanyoosha mkono kuchukua kifutio.

"Hatufuti," alisema mzee, akimpa kalamu. "Piga mstari mmoja, andika iliyo sahihi juu yake, weka sahihi yako."

"Yangu? Na nikianguka Jumamosi?"

"Uanguke vipi? Umenikamata mimi kwa nusu saa."

Akapiga mstari, akaandika elfu tisini na mbili juu yake, akaweka sahihi. Mzee alisimama akampisha kitini, akashusha leja ya mwezi uliopita, kisha ya mwezi ule mwingine, akaziweka mbele yake.

"Niangalizie na hizi," alisema, na sauti yake haikuwa ya mkubwa wa ofisi tena.

Jumamosi alifaulu, na tajiri akatimiza ahadi. Lakini Alhamisi ile hakuukumbuka mtihani. Alikaa akijumlisha hadi adhuhuri, na karani amesimama nyuma yake, mikono ameifumbata, akisubiri majibu.