Flashi Iliyooshwa kwa Katsuva

Mama Véronique alisema mara moja tu na hakurudia: nguo nyeusi hatazivua mpaka nyimbo za mumewe ziimbwe kwa Kilendu, lugha yao, watu wakiwa na karatasi mkononi. Marehemu Théodore alikuwa kiongozi wa kwaya kule kwao Fataki. Walipokimbia vita, maandishi yake yote yaliungua pamoja na nyumba. Nyimbo zikabaki kichwani mwa mama, naye binti yake Dorothée alikaa naye pale Ngezi, walikokimbilia, akiziandika moja moja kwenye laptopu. Siku ya kuondoa matanga ilikuwa Jumapili.

Kwenye laptopu yake ya Linux kila herufi ilikaa pake. Balaa lilikuwa kule Rwambuzi, kwenye duka la kuchapa la Katsuva. Kompyuta ya pale ilikuwa ya Windows, na faili yake ya Word ilipofunguliwa, herufi za Kilendu ziligeuka visanduku vitupu. Dorothée akatia fonti, yaani faili yenye maumbo ya herufi hizo, kwenye flashi ili aisakinishe pale. Katsuva akachomeka flashi, akaguna, akasema humo hamna fonti. Dorothée akarudi nyumbani akijiona mjinga.

Basi akaamua kuachana na Word. Atatengeneza PDF yenye fonti ndani yake, kurasa zikiwa zimepangwa tayari kukunjwa kijitabu. Programu ya kuzipanga ilibidi aikompaili mwenyewe, yaani aiunde kutoka kwenye msimbo wake, na mashine ikamjibu kwamba kuna maktaba inakosekana, kipande cha programu nyingine. Akaipakua kwa megabaiti za kuombaomba, kumbe nayo inadai nyingine. Ilikuwa kama kupeleka mahari kwenye ukoo wenye mashangazi wengi: ukimridhisha mmoja, mwingine anasimama. Hatimaye mistari ikaanza kushuka kwenye kioo, naye akaenda kuteka maji.

Aliporudi, laptopu ilikuwa imefunikwa na kuchomolewa waya, betri yake mbovu imekata roho. Akina mama wa chumba cha sala, kikundi chao cha maombi, walikuwa wamefika, na kwa Mama Véronique sala haianzi kifaa chochote kikiwa macho.

"Mama, ulifunga mashine juu ya nini?"

"Ilikuwa inaandika yenyewe, na siye tuko naomba Mungu."

Dorothée alitamani kulia. Akaanza tena, akiuma meno.

Ijumaa PDF ikatoka, nzuri mno. Katsuva akachomeka flashi, akasema hamna kitu isipokuwa ile Word ya visanduku. Dorothée alikuwa na laptopu yake begani. Akaiunga kwenye umeme wa duka, akanakili upya palepale, akampa flashi. Hamna kitu. Alilala na hasira, akaamka nayo, na Jumamosi akasimama nyuma ya kiti cha Katsuva bila kupepesa macho. Akamwona akichagua kila faili isiyo ya Word na kuifuta, kwa utulivu wa mtu anayenawa mikono kabla ya kula.

"Kumbe ni weye unafutaka," Dorothée alisema. "Juma nzima niko najiona mujinga, kumbe ni weye."

Katsuva hakuona kosa. Kila flashi inayoingia kwake huoshwa kwanza, alisema, na faili asiyoijua kwake ni virusi. Hapo Dorothée akamwaga yote: Fataki, moto, nguo nyeusi za mama yake. Nyimbo za baba hazikuwa na mahali pengine pa kukaa.

Katsuva akaichomoa flashi.

"Flashi ya mutu ilileta virusi hapa," alisema. "Ikakula mafoto yote ya Bijou, mutoto wangu. Alikuwa amekwisha kufa. Sikubakia na hata moja."

Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka. Hasira ya Dorothée haikuisha, ila ilikosa pa kukaa.

Dorothée akainakili PDF upya kutoka kwenye laptopu. Katsuva akachomeka flashi tena, kisha akajibana mkono kwapani usije ukafuta kwa mazoea. "Fungua weye mwenyewe," alisema. Alitazama pembeni mpaka karatasi ya kwanza ilipotoka.

Jumapili, Mama Véronique alipitisha kidole kwenye mstari wa kwanza, na watu walipoanza kuimba akafungua kitambaa cheusi kichwani. Katsuva, aliyealikwa na Dorothée, alikuwa amesimama nyuma na kijitabu chake. Yeye ni Mnande, mtu wa kabila jingine, Kilendu hajui hata neno moja, lakini midomo yake ilikuwa ikicheza. Dorothée alikuwa amekwisha kumsimulia mama yake habari za duka lile. Nyimbo zilipokwisha, mama akawazuia watu wasiketi. Akamwita Katsuva mbele, akamwomba ataje jina la mtoto wake kwa sauti, nao wakaimba wimbo mmoja tena kwa ajili ya Bijou.