Mrefu Mmoja, Mifupi Miwili

Twalibu fundi simu alikuwa amechoka tangu asubuhi, na kusema kweli alikuwa amechoka tangu mwaka uliopita, watu walipoanza kuhamishiwa vijiji vya ujamaa na ikabidi simu ziwafuate. Kila nguzo kati ya Tabora na Bukene aliijua kwa bega lake. Sasa alisimama juu ya kigoda katika zahanati mpya iliyokuwa bado inanuka udongo mbichi, akikaza skrubu ya mwisho.

Laini ile ilikuwa waya mmoja wenye simu saba. Ukizungusha mkono wa simu moja, kengele zote zinalia, kwa hiyo kila simu ilipewa mlio wake wa mizunguko mirefu na mifupi, na mwenye mlio ndiye anyanyuaye. Zahanati, tangu kijiji cha zamani, ilikuwa mrefu mmoja, mifupi miwili. Barua ya ofisini ilisema mlio huo sasa upewe ghala la kijiji, zahanati ichukue mifupi mitatu. Kwa nini? Aliyeandika barua hakueleza, na Twalibu hakuwa na nguvu ya kuuliza.

"Shikamoo, baba," alisema Bernadeta, muuguzi, akiitazama kadi mpya ya milio ukutani. "Mlio wetu umeutoa? Laini nzima inatujua kwa ule."

"Marahaba, mwanangu. Watauzoea huu."

"Na wakisahau? Ninyanyue nikisikia ule wa zamani?"

Twalibu alishuka kigodani akishika kiuno. Mwaka mzima alikuwa akisuluhisha ugomvi wa watu wanaonyanyua simu za wenzao, wakasikiliza mahari na talaka zisizowahusu. Alikwisha kusema mpaka koo likamkauka.

"Usinyanyue. Mlio usio wako si wako, hata ulie mpaka jua lizame. Wote nimewaambia hivyo hivyo."

"Haya, baba."

Bernadeta alikuwa mtu wa kushika neno. Ndiyo maana wagonjwa walimpenda.

Mwezi haujaisha, alasiri moja, Mwanajuma, binti yake Twalibu aliyeolewa jirani na kituo kidogo cha reli, alijifungua mtoto wa kiume, na damu ikakataa kusimama. Twalibu alikuwa pale pale, amemletea viazi. Aliviacha mlangoni akakimbilia simu ya kituo. Zahanati haikuwa hata maili tatu kutoka hapo. Bernadeta na baiskeli yake wangefika upesi.

Akashika mkono wa simu. Mkono wake mwenyewe, uliokwisha kuzungusha mlio ule miaka kumi na mmoja, ukazungusha mrefu mmoja, mifupi miwili.

Kimya. Akarudia. Akarudia tena. "Nyanyua, Bernadeta. Nyanyua, mwanangu, nakuomba." Alizungusha mpaka bega likawaka moto, akaanza hata kumkasirikia yule dada wa watu: yuko wapi saa hizi, anapiga soga kwa nani? Hakukumbuka ghala hata kidogo, wala kwamba saa hizo mtunza ghala huwa ameshafunga. Alikuwa amekata tamaa, anataka kwenda mbio kwa miguu, alipoiona kadi ya milio ukutani. Mwandiko ulikuwa wake.

Mifupi mitatu.

"Zahanati," Bernadeta aliitikia papo hapo.

Alikuja akikanyaga baiskeli kama mwenda wazimu, mkoba umemning'inia shingoni. Alipopiga magoti kando ya kitanda, Mwanajuma alikuwa amekwisha kupoa. Mtoto alikuwa mikononi mwa jirani, analia kwa nguvu zake zote.

Bernadeta alimfunika marehemu taratibu, akatoka nje. Twalibu alikuwa ameketi chini kando ya viazi vyake.

"Baba, ni wewe uliyekuwa ukipiga ule mlio wa ghala?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Nilikuwa nimekaa chini ya kengele," Bernadeta alisema, na machozi yakamtoka. "Niliihesabu yote. Mara mbili nilipeleka mkono. Mara mbili nikakumbuka ulivyonikataza, nikaurudisha."

Twalibu alitamani apate mtu wa kumlaumu, lakini hakumpata.

"Ulifanya sawa, mwanangu," alisema. "Ndivyo nilivyokwambia."