Ameacha, Mara Arobaini na Moja

"Mzee, maji yako wapi? Nionyeshe."

Mtaalamu wa matamshi alisubiri, kalamu imetua juu ya fomu. Baba alinyanyua mkono mmoja alioachiwa na kiharusi, akaweka kidole juu ya picha ya glasi kwenye tableti inayomsemea. Tableti ikakaa kimya. Akakiweka tena. Kimya.

"Nilikwambia," kaka yangu akasema. "Haelewi kitu. Wiki nzima tableti yako haijatoa hata neno moja. Kule kwenye nyumba ya wagonjwa kuna watu wa kumtunza saa zote."

Kaka yangu ni fundi wa kuhukumu kesi kabla haijasikilizwa. Lakini fomu ile ndiyo ingeamua: "anaelewa", Baba abaki nyumbani nami, "haelewi", aende. Na programu niliiandika mimi, kwa hiyo aibu na hasira vilinipanda pamoja.

"Nipe dakika tano," nikamwomba mtaalamu.

"Nina mgonjwa mwingine saa nne, dada."

"Tano tu, tafadhali."

Nikaunganisha tableti na kompyuta. Kila picha nilikuwa nimeipa agizo dogo: kidole kikitulia juu yake sekunde moja, agizo lirushe neno "ameita", ukurasa ulisikie, sauti itoke. Kidole kikisogea kabla ya sekunde kuisha, lirushe "ameacha". Hilo la pili nililitunga kwa mbwembwe tu. Hakuna sehemu ya ukurasa niliyoiambia ilisikilize. Lilikuwa linaandikwa kwenye kumbukumbu za programu, basi.

Nikafungua kumbukumbu. Glasi: ameacha. Glasi: ameacha.

Nikautazama mkono wa Baba. Ulikuwa unatetemeka, kama unavyotetemeka tangu atoke hospitali. Mimi ndiye ninayemlisha, ninaujua mkono ule. Lakini programu niliijaribu kwa kidole changu, kidole kizima, nikajisifu. Mwamba ngoma huvutia kwake.

"Mwache mtaalamu wa watu aende kwa mgonjwa wake," kaka akasema.

"Kaka, hebu nyamaza!"

Nikautafuta mstari wa programu unaopima kusogea kwa kidole, nikaupa nafasi ya upana wa dole gumba, mtetemo usihesabiwe kuwa kuacha. Nilipokuwa nangoja ukurasa ufunguke upya, macho yakateremka kwenye kumbukumbu za wiki nzima. Ameacha, mara arobaini na moja. Glasi mbili, za leo. Choo moja. Thelathini na nane zilizobaki zote zilikuwa juu ya picha ya mwisho kabisa, picha yangu.

Jumatatu, saa tano asubuhi, mara sita mfululizo. Saa hiyo nilikuwa chumba cha pili nikirembesha rangi za vitufe, muziki umejaa masikioni.

"Muda, dada."

Nikamrudishia Baba tableti.

"Mzee, maji?"

Kidole kikatua, kikichezacheza.

"Maji," tableti ikasema.

Mtaalamu akaandika "anaelewa" kwenye fomu, akaanza kukusanya vitu vyake. Baba hakuondoa mkono. Aliuburuta taratibu hadi picha ya mwisho, akashikilia.

"Binti yangu, njoo," tableti ikaita, kwa sauti niliyoirekodi mimi mwenyewe.

Nilikuwa nimesimama hatua moja tu kutoka kwake. Nikaenda.