Kanda ya Baba Winrose

Siku hiyo mjinga alikuwa Phanuel, na kwa kuwa soko zima la Kakamega lilijua kabla jua halijatua, hakuna haja ya kumsitiri. Yeye aliyezoea kutania watu mpaka wakasahau bei ya sukuma, jioni hiyo alikosa hata mmoja wa kucheka naye.

Alikuwa na kibanda cha kurekodi kanda karibu na stendi, na ndani yake redio yenye nafasi mbili: kushoto kanda ya kuimba, kulia kanda ya kurekodiwa. Mwaka huo wa tisini na sita wateja wengi walimletea kanda kuukuu afute mahubiri, aweke rumba. Kama kanda ilikuwa imevunjwa vile vidude vya juu ili isifutike, Phanuel aliziba matundu kwa karatasi, kazi ikaendelea.

Navalayo alifika na kanda iliyofungwa ndani ya leso. Alikuwa mjane wa Chrispinus, mpiga gitaa.

"Ni hii moja tu, Phanuel, na imeanza kukwaruza. Nitolee nyingine kabla haijakatika. Winrose alikuwa tumboni babake akifa. Jumamosi tukimkumbuka, nataka mtoto amsikie."

"Mama Winrose, kwangu kanda hulala kama mtoto mgongoni." Huku akisema hivyo, vidole vilishaziba matundu kwa karatasi. Ni mazoea, kichwa hakikuulizwa.

Navalayo akamwachia kanda mpya, tupu, ya kurekodia, Phanuel akaiweka kwenye rafu, naye mama akaenda kutafuta mchele wa wageni. Phanuel akatia kanda upande wa kulia, aionje kidogo. Chrispinus akaanza kumbembeleza mke aliyenuna, mke aliyemfungia nje usiku wa mvua, amfungulie mlango. Gitaa lilikuwa moja, ingokho, kuku wa nyumbani, akilia kwa mbali, na mwanamke akijizuia kucheka. Mwanamke huyo alikuwa Navalayo.

Clifford, fundi viatu wa kibanda jirani, akachungulia. "Kumbe na Chrispinus aliimbanga huu wimbo wa Nairobi!"

"Wa Nairobi? Aliutunga yeye, bwana! Wewe masikio yako umeyashonea soli?"

Watu wakacheka, wakasogea. Phanuel akiona watu wamesogea, basi tena. Akatia kanda ya bendi ya Nairobi kushoto, akawa anawaonjesha huku na huku. Kwa bendi, mlango ulipigiwa ngoma na kinanda mpaka ukasahau kwamba kuna mtu ananyeshewa.

"Na kwaya je, nao si waliuchukua?" mtu akauliza.

Phanuel akashika kifua, akafumba macho, akawaimbia kama kwaya: mume alikuwa amegeuka Bwana Yesu, na mke aliyenuna, mwenye dhambi. "Hata kununa kwa mama wa watu kumeokoka!" akasema. Kibanda kikaangua kicheko.

"Cheka tu," Clifford akasema. "Ya bendi ndiyo tamu. Hii ya Chrispinus ni ya jikoni."

Hapo Phanuel akapandwa na mori. Akapunguza sauti ya redio ili yake isikike. Na kwa kuwa kazi ya mama ilikuwa ikingoja, akazirudisha kanda zote mbili mwanzo, akabonyeza kurekodi huku akibishana: gitaa hili linaongea, kile kinanda kinapayuka tu. Alibishana vizuri siku hiyo, hata Clifford alianza kulegea. Kisha jicho la Clifford likatua kwenye rafu.

"Phanuel, hii kanda mpya ya mama mbona bado iko ndani ya nailoni?"

Phanuel akageukia redio. Kushoto, bendi. Kulia, Chrispinus. Hakuwa amezibadilisha.

Akazima. Akarudisha nyuma, akasikiliza: kinanda. Akapeleka mbele: kinanda. Akageuza upande wa pili: mvumo mtupu. Bendi ilikuwa imeurefusha wimbo ili watu wacheze. Ungebaki mfupi kama ulivyotungwa, labda pangepona kipande. Akafungua redio kwa bisibisi, kana kwamba Chrispinus angekuwa ameangukia ndani. Watu wakaondoka mmoja mmoja, bila kuaga.

Navalayo aliporudi na mchele, alimkuta ameketi. Phanuel akamwambia yote, hakupunguza kitu. Yule mama akaomba asikie mwenyewe. Akainama kwenye spika, akasikiliza bendi mwanzo hadi mwisho, kisha akaomba tena.

Clifford, aliyebaki mlangoni, hakuvumilia. "Pole, mama. Lakini wimbo wenyewe si upo?"

"Upo!" Phanuel akadandia. "Maneno ni yale yale, Mama Winrose. Na huyu wa Nairobi, Mungu shahidi, sauti zinakaribiana. Jumamosi nitaleta redio yangu mwenyewe. Mtoto atajua nini?"

Navalayo akaichomoa kanda, akaifunga ndani ya leso, akainua mchele wake.

"Sawa, Phanuel. Na siku utamzika mkeo, nitakuja nikuambie usilie, wanawake wamejaa sokoni."