Mafiga ya Aliye Hai

Tusekile anajiambia afumbe macho kidogo tu, wageni bado hawajafika. Lakini usingizi una kiburi, ukiubembeleza hauji, ukiufukuza unakuja kukukalia kifuani. Amejilaza kwenye mkeka nyuma ya makumbusho ya mji wa Ilumaki, mchana wa kipupwe, ukungu umeshuka mpaka kwenye majani ya migomba, na kule mbele, bustanini, kazi yake imekamilika. Ni mafiga, matatu matatu, yamepangwa juu ya nyasi, kila jiko na makaa yake, yawashwe leo na kila jioni mpaka baridi iishe. Ni mafiga ya wanawake waliokufa, na familia zenyewe ndizo zilizoyaleta, maana katika koo za milima ile mafiga ya mwanamke hayang'olewi jikoni kwake ila siku ya kuanua matanga yake. Yakishang'olewa ndipo watu wanapanguswa machozi na kusema, haya, sasa mama ameondoka kweli. Getini pana ubao mkubwa: Mafiga ya Mama Zetu Waliotangulia. Na katikati ya bustani, pahali pa heshima, meusi ti kwa moshi na mafuta ya vizazi, yamekaa mafiga ya Bi Subilaga, mama mzazi wa Tusekile. Ambaye hajafa.

Hajafa hata kidogo. Yuko Kyela kwa binti yake mkubwa anatibiwa mguu, anakula, anagombana na wauguzi. Tusekile alingoja aondoke, akaingia jikoni na sururu, akayang'oa, kwa sababu mawe mengine yote aliyoyajaribu pale katikati yalionekana mawe tu. Hakuomba, kwa kuwa alijua ataambiwa nini. Alimwachia jiko la gesi jipya, limefungwa utepe mwekundu, kama mtu anayeiba ng'ombe akaacha kengele. Alidhani atayarudisha kabla mama hajapona. Leo asubuhi Mzee Mwakifuna, mkuu wa makumbusho, amemwambia kwa furaha kwamba amepeleka gari Kyela, Bi Subilaga anakuja kukaa kiti cha mbele, mama wa msanii bwana, tutamkosaje? Mzee wa watu hajui mawe yale ni ya nani. Tusekile amejibu ahsante mzee, na tangu asubuhi hiyo angeweza kuyaondoa na hajayaondoa. Yanapendeza mno pale. Hilo ndilo linalomtia haya kuliko yote, na kwa haya hizo ndipo usingizi unapomshika.

Anainuka mkekani, au anadhani anainuka, anazunguka jengo, na bustani haina mwisho. Majiko yameteremka barabarani, yamepita soko, yanaendelea kilima hadi kilima, na barabara yenyewe inajikunja na kujirudia kama uzi uliochezewa na paka. Mtu mmoja amesimama njiani kavaa koti la baridi. Pale penye uso pana ulaini mtupu, kama chungu kibichi. Kitendawili, anasema. Tega, anaitika Tusekile, kwa mazoea tu, kama kila aliyelelewa karibu na moto. Mama yu hai anakula, mwanawe kamwanulia matanga. Tusekile analijua jibu. Anasema, sijui. Yule mtu anatikisa kichwa kisicho na macho na kusema, basi nipe mji. Ndiyo kanuni, aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji huenda akautembea na kurudi kujisifu. Tusekile anatoa Mbeya, haraka, mji wa kwanza uliowahi kumpigia makofi.

Na wamo Mbeya, bila hata kupiga hatua. Ila ni Mbeya iliyo Ilumaki, Ilumaki iliyogeuzwa kama unavyoiona kwenye kioo cha dirisha, kanisa upande wa msikiti, msikiti upande wa kanisa, na maandishi ya maduka yanasomeka kinyumenyume. Milango ya jikoni iko wazi yote. Katika kila jiko amesimama mwanamke kashika chungu kilichojaa, anazunguka nacho, anatafuta pa kukiinjika, na chini yake kwenye majivu mna mashimo matatu. Shikamooni mama zangu, anasema Tusekile. Hawaitikii. Mmoja tu anamwuliza, bila kugeuka, hivi wewe kwenu mnapikia wapi? Kiongozi wake, yule asiye na uso, naye anajisifu kama kanuni inavyotaka: nilifika Mbeya nikapokewa vizuri, nikapewa chungu cha maharage, nikakosa pa kukiweka, mpaka leo mikono inaniuma. Sasa unalo jibu? Sijui, anasema Tusekile. Basi nipe mji.

Anatoa Dodoma. Anatoa Bagamoyo. Anatoa miji aliyoonyesha kazi zake na miji aliyoiona kwenye kalenda, na kila mji ni uleule, kioo ndani ya kioo, wanawake walewale na vyungu vyao. Kiongozi anabadilika njiani, mara ana koti, mara ana kitenge, mara ni wawili, uso hawana wote, na Tusekile anaanza kuuonea wivu ule utupu, maana uso wake yeye unawaka moto, na kila anayepita anauona. Mnanipeleka wapi? anauliza. Wanamjibu, sisi tunakufuata wewe. Njia hii inaishia wapi? Inaishia pale ulipoianzia kuikwepa. Anataka kukasirika na hasira haiji. Inakuja aibu tu. Sasa miji imemwishia, anachakura kichwani hapati hata kijiji, na kwa sauti ndogo anasema, Ilumaki basi. Nimetoa Ilumaki. Yule wa kitenge anasema, ahaa, huko nilikuwa nataka kwenda tangu zamani.

Jikoni kwa mama kumejaa watu. Wanawake wamekaa chini, wamejifunga nguo viunoni, wanalia kilio kile cha kupokezana, na katikati yao Bi Subilaga mwenyewe anachechemea na birika la chai, anawahudumia, mgeni huyu kikombe, mgeni yule kikombe. Jamani, anasema, mbona mnalia nyumbani kwangu na hamnambii nani amekufa? Ningejua ningepika. Wanawake wanainamisha vichwa. Mama anamwona Tusekile mlangoni na kufurahi. Tuse! Afadhali umefika. Wewe umesoma mwanangu, hawa wananificha. Nani amekufa? Aibu inampanda Tusekile kutoka nyayoni mpaka masikioni. Angetamani ardhi ipasuke, na ardhi imekwisha kupasuka, mashimo matatu yako pale miguuni pake. Hata hapo, mbele ya macho yale, anasikia mdomo wake ukisema, sijui, mama. Bi Subilaga anaweka birika chini. Basi nipe mji, anasema kwa upole. Tusekile hana mji.

Anafumbua macho na mbele ya mkeka kuna mguu wenye bendeji. Shikamoo mama, anasema, kabla hajainua kichwa. Marahaba, inajibu sauti. Ndaga mwanangu, ahsante, kazi nzuri. Nimezunguka bustani yote na Mzee Mwakifuna, nimewaona wenzangu, jiko la marehemu shemeji, jiko la jirani yetu wa zamani, nikawaombea. Halafu nimefika katikati. Hawa wageni wamenipa kiti, wananipigia makofi, hawajui kitu. Nimeona nisiwasumbue, nije nikuulize wewe. Nilikufa lini, Tuse?

Tusekile anaugusa ule mguu. Una joto. Lakini hata kule, birika lilikuwa linatoa mvuke. Anaomba hii ndiyo iwe ndoto, halafu anaomba ile ndiyo iwe ndoto, hajui aombe lipi, ila safari hii neno linatoka. Ni mimi, mama. Ni mimi niliyekuanulia matanga nawe uko hai. Niliyatamani, yalikuwa mazuri kuliko yote, nikaiba. Analia waziwazi, makamasi na yote. Bi Subilaga hamkemei, hamwambii nyamaza. Anavua mtandio wake, anausokota taratibu, anaukunja ngata ya duara, anamwekea kichwani na kuikaza kwa kiganja, kama mwali anayefundishwa kwenda mtoni. Haya, simama ujitwike, anasema.

Mbele huko bustanini makaa yameshawashwa na watu wamejaa, kamera zimeinuliwa. Tusekile anapita katikati yao, jiwe jeusi kichwani, masizi yakimchuruzika mashavuni pamoja na machozi, na makofi yanapungua, yanapungua, mpaka anasikia nyasi chini ya miguu yake. Hathubutu kuinua macho kuona kama watu hawa wana nyuso. Anapita geti, anapita ubao, na barabara iliyo mbele yake inaweza kuwa ya Ilumaki na inaweza kuwa ile nyingine. Jiwe ni zito. Nyuma yake mama anachechemea, haharakishi.

Hilo ni moja, anasema mama. Utarudi kwa mengine, na wageni bado wapo.